Walioleta amani mtaani wapewe kiti barazani

Siku moja niliwapeleka wanafunzi wangu wa isimu katika mtaa wa Huruma, mashariki mwa jiji la Nairobi, ili wasikilize jinsi vijana wa huko wanavyokichanganya Kiswahili na lugha nyingine. Kama ilivyo ada, tulitakiwa kwanza kupiga hodi kwa mzee wa kijiji. Mahali tulipoelekezwa tulimkuta mama wa makamo ameketi nyuma ya meza ya sukumawiki na nyanya. Mwanafunzi mmoja akamwamkia kwa adabu zote: "Shikamoo, mama. Tunamtafuta mzee." Mama akaitikia, akamaliza kupanga mafungu yake ya nyanya, kisha akasema: "Mzee ni mimi."

Wanafunzi waliangua kicheko. Mimi niliona haya, kwani hata mimi mwalimu wao nilikuwa nikimtafuta mwanamume.

Nimekikumbuka kisa hicho kila panapozuka mjadala juu ya nafasi ya wanawake katika kujenga amani baada ya ghasia. Sarufi ya Kiswahili haina lawama katika jambo hili. Mzee, kiongozi, mbunge, rais na mpatanishi wote wamo katika ngeli ya A-WA, na ngeli hiyo haiulizi kama anayetajwa ni mume au mke. Zipo lugha za Ulaya ambazo humlazimu msemaji kuamua jinsia kabla hajamaliza sentensi, Kiswahili hakitulazimishi. Basi tulipomtafuta mwanamume siku ile, hatukuongozwa na lugha. Tuliongozwa na mazoea yetu, na ni hayo ninayotaka tuyachunguze.

Huruma imo katika eneobunge la Mathare. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, mitaa ya eneo hilo ilikuwa miongoni mwa sehemu za Nairobi zilizoathirika vibaya. Majirani waliokuwa wakichota maji katika bomba moja waligeukiana. Familia nyingi zilikimbilia kambi ya jeshi la wanahewa ya Moi kule Eastleigh, na nyumba walizoziacha zikaingiwa na wengine. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliopoteza maisha kote nchini.

Mzee wetu wa Huruma alitusimulia yaliyofuata baada ya mapanga kuwekwa chini. Kabla ya mkutano wowote rasmi, alisema, kina mama wa kabila hili na lile walianza kuuziana mboga upya, kwa sababu watoto walitaka kula. Kupitia kwao habari zilivuka mipaka ambayo vijana wa kiume hawakuthubutu kuivuka: nani yu hai, nani anataka kurudi, chumba cha nani kinakaliwa na nani, godoro la nani limehifadhiwa wapi. Hatimaye kikao rasmi cha upatanisho kikaitishwa. Nikamuuliza yeye alipewa kazi gani siku hiyo. "Mwalimu," alinijibu, "niliombwa nifungue kwa sala."

Sina neno na sala. Lakini yafaa tujiulize: mtu ambaye ndiye aliyejua mlango wa nani umevunjwa na nani, kwa nini hakuulizwa lolote baada ya kusema amina?

Mambo hayakuwa tofauti sana katika kikao kikubwa zaidi. Katika mazungumzo yaliyofanyika mjini Nairobi mapema mwaka wa 2008, Kofi Annan alisaidiwa na Rais mstaafu Benjamin Mkapa wa Tanzania na Bi. Graça Machel wa Msumbiji. Wajumbe wa pande mbili zilizohasimiana walikuwa 8, na wanawake kati yao walikuwa wawili: Martha Karua upande wa serikali na Sally Kosgei upande wa upinzani. Hapana shaka walikuwa wajumbe hodari. Hata hivyo, kila mmoja aliketi pale kwa tiketi ya chama chake. Mashirika ya wanawake, ambayo mwanzoni nayo yalikuwa yamegawanyika kama taifa lenyewe, yalihimizwa na Bi. Machel kuungana na kuzungumza kwa sauti moja, yakawasilisha maoni yao mbele ya wapatanishi. Kisha mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008 na wanaume wawili kwenye ngazi za Harambee House. Miaka kumi baadaye, Machi 2018, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2017, wanaume wawili wakapeana mikono kwenye ngazi hizo hizo.

Tarehe hiyo ya 28 Februari ina historia nyingine ambayo wanafunzi wetu hawafundishwi vya kutosha. Siku kama hiyo mwaka wa 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Profesa Wangari Maathai, walipiga kambi katika bustani ya Uhuru wakidai wana wao waachiliwe. Siku chache baadaye polisi waliwashambulia, na baadhi ya akina mama wakavua nguo kama laana kwa waliowapiga. Walihamia katika kanisa kuu la All Saints na kuendelea na mgomo wao kwa miezi mingi, hadi wafungwa walipoanza kufunguliwa. Mwaka uliofuata, kule Wajir, wanawake wa koo zilizokuwa zikiuana walianza kwa kuhakikisha kwamba sokoni kila mwanamke anaweza kuuza na kununua bila kuulizwa ukoo wake. Miongoni mwao alikuwamo marehemu Dekha Ibrahim Abdi. Kutoka sokoni waliwaendea wazee, na wazee wa koo wakafikia Azimio la Al-Fatah mwaka huo wa 1993. Kamati za amani zilizotokana na juhudi za Wajir ziliigwa baadaye katika wilaya nyingine nyingi za Kenya.

Msomaji atauliza: ikiwa rekodi ni hiyo, tatizo liko wapi? Nadhani sehemu ya jibu imo katika vitenzi tunavyovitumia. Mwaka wa 2016 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kitaifa wa kutekeleza Azimio nambari 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa Oktoba 2000 kuhusu wanawake, amani na usalama. Mpango huo ulipewa jina la Kiswahili, jambo la kupongezwa: "Kuhusisha Wanawake ni Kudumisha Amani." Nia ni njema. Lakini mwalimu wa sarufi ataona mara moja kwamba kuhusisha ni kitenzi cha kusababisha. Anayehusisha ni mtu mwingine, na wanawake ni yambwa, yaani watendwa. Mwenye nyumba amewakaribisha, na mwenye nyumba anaweza kuwaaga. Kushiriki kunampa mwanamke utendaji. Kuamua kunampa zaidi. Katika mikutano mingi ya amani niliyohudhuria au kuisoma, wanawake "wamehusishwa", lakini walioamua ni wengine.

Mfano wa pili uko katika Katiba yetu ya 2010. Ibara ya 97 inaweka katika Bunge la Taifa wanawake 47, kila mmoja akichaguliwa na wapigakura wote waliosajiliwa katika kaunti. Mwanamume wa Huruma humpigia kura mbunge huyo sawasawa na mkewe. Hata hivyo, mitaani na magazetini tumembandika jina la "Mwakilishi wa Wanawake". Kwa jina hilo tumempunguzia nusu ya wapigakura wake. Kijana aliyekosa kazi au baba aliyefukuzwa katika chumba chake haendi kwake, kwa kuwa ameambiwa huyo ni wa kina mama.

Mfano wa tatu ni sheria isiyotungwa. Katiba hiyo hiyo inasema kwamba katika vyombo vya uongozi vinavyochaguliwa, watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Mnamo Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilitoa muda hadi tarehe 27 Agosti 2015 ili kanuni hiyo itungiwe sheria. Muda ulipita. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutimiza wajibu huo, na Bunge halikuvunjwa. Katika uchaguzi wa 2022 wanawake walioshinda viti vya maeneobunge walikuwa 29 kati ya 290, yaani mmoja katika kila kumi. Ni kweli kwamba tumetoka mbali: mwaka wa 2013 hakuna mwanamke aliyechaguliwa gavana, 2017 wakawa watatu, na 2022 wakawa saba. Lakini Mathare yenyewe, iliyohitaji amani kuliko sehemu nyingi, haikumchagua mwanamke kuwa mbunge wake katika uchaguzi mkuu wa 2013, wa 2017 wala wa 2022.

Wapo watakaosema kwamba wanawake wanagombana na kuchochea vilevile, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwapendelea. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli, na sitaificha. Wapo wanawake waliowaficha majirani mwaka wa 2008, na wapo waliowashangilia wachomaji. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaodai kwamba mwanamke apewe uongozi kwa kuwa kwa maumbile ni mpole. Sifa hiyo ya "mama wa amani" ni mtego. Ukishaitwa mpole, siku utakapogonga meza kudai haki utaambiwa umepoteza uanawake wako. Mwanamke anastahili kiti kwa sababu mbili tu: ni raia, na anayajua mambo ambayo wengine hawayajui.

Chukua mfano wa ubakaji uliofanyika katika ghasia hizo. Waathiriwa walio wengi walikuwa wanawake. Manusura wanane, wakiwamo wanaume wawili, pamoja na mashirika ya kutetea haki, walikwenda mahakamani mwaka wa 2013, na ilichukua hadi Desemba 2020 kwa Mahakama Kuu kuamua kwamba serikali ilikosa kuwalinda na kuchunguza baadhi ya mashtaka yao. Wanne kati yao walikadiriwa fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Karibu miaka kumi na mitatu tangu maovu yenyewe! Je, jambo hilo lingesubiri hivyo kama walioathirika wangekuwa na sauti ya kuamua, tangu mwanzo, ni nini kishughulikiwe kwanza? Wanaosubiri nje ya baraza ndio ambao madai yao huandikwa mwishoni mwa ajenda.

Wengine watasema, wagombee kama wanaume. Maneno hayo ni mepesi mdomoni. Uteuzi wa vyama unahitaji fedha, na mara nyingi unahitaji pia kundi la vijana wa kukulinda. Mama anayefunga meza yake ya mboga saa mbili usiku hana hayo yote. Nchi ya Rwanda, baada ya mauaji ya halaiki ya 1994, iliweka katika katiba ya 2003 kwamba wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi. Kufikia 2008 walikuwa zaidi ya nusu ya wabunge. Sisemi kwamba wingi wa wanawake bungeni ndio mwisho wa safari, kwani bunge lolote linaweza kujaa watu na likakosa sauti. Nasema tu kwamba sheria iliyoandikwa ikatekelezwa hubadili sura ya baraza, na sheria iliyoandikwa ikapuuzwa huwafundisha raia kudharau sheria.

Basi tufanye nini tunapoelekea uchaguzi wa 2027? Kwanza, kamati za amani za mitaani zisingoje damu imwagike ndipo ziwatafute kina mama. Wanawake wawemo sasa, wakiwa na kura, na wawe miongoni mwa wenyeviti na watia sahihi. Pili, wazee wa vijiji, ambao kwa miaka mingi wamefanya kazi bila mshahara, watambuliwe, na rekodi yao ya upatanishi ihesabiwe na vyama wakati wa uteuzi. Tatu, Bunge litunge sheria ambayo Katiba imelidai tangu 2010. Dawa ya deni ni kulipa.

Nanyi walimu wenzangu pamoja na wanafunzi, ninyi mnayo kazi ambayo haihitaji bajeti. Mnapochagua viranja, tazameni ni nani anayepewa kuongoza na ni nani anayepewa kuandika kumbukumbu. Mnaposahihisha insha, mwulizeni mwanafunzi kwa nini kila "mzee" wake ana ndevu. Lugha yetu iliuacha mlango wazi tangu zamani.

Tulipokuwa tukiagana, yule mwanafunzi wangu alimwomba radhi mzee wa kijiji. Alimjibu kwamba hakukosa kwa kumwita mama, kwani yeye ni mama pia. Kosa lake, alisema, lilikuwa kupita mbele yake akiendelea kumtafuta mtu ambaye tayari ameshampata.