KITI CHA PIKIPIKI NI CHOMBO CHA KAZI

Ndugu wafanya kazi,

Katika mikutano yetu tumezungumza mara nyingi juu ya mishahara, nyumba, likizo na saa za ziada. Hayo ni mambo makubwa na sitaki yapunguzwe. Lakini liko jambo moja ambalo watu huliona dogo, tena wengine hucheka likitajwa, nalo ni kiti cha pikipiki. Mimi nasema si jambo la kuchekwa. Mtu anayekaa juu ya kiti kibaya saa nane au kumi kila siku anaumizwa na chombo chake cha kazi, sawasawa na yule aliyepewa koleo lenye mpini uliopasuka. Kwa hiyo yafaa tulizungumze wazi, tutengeneze lile tunaloweza wenyewe, na tudai lile linalowapasa wenye mali.

Tazameni barabara yetu kutoka Ruiru mpaka Thika, mwendo wa kilomita 20 hivi. Tangu Serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo, zile za chini ya sisi 250, kodi ya VAT mwaka 2008, pikipiki zimekuwa nyingi kuliko baiskeli. Barabara kuu ya Thika nayo ilipanuliwa ikafunguliwa mwaka 2012, na watu wakaanza kwenda mbali zaidi na kwa upesi zaidi. Wanaopanda pikipiki ni wa namna tatu. Wa kwanza ni mfanya kazi anayewahi zamu ya alfajiri au kutoka zamu ya usiku, wakati matatu ni chache na gari moshi halipo. Wa pili ni yule aliyeandikwa kazi kupeleka mikate, maziwa, dawa, barua au vifurushi. Wa tatu ni mtu wa boda boda, ambaye mara nyingi pikipiki si yake, bali humlipa mwenyewe kila jioni. Wako wanaotoka Thika kwa barabara ya Garissa mpaka Matuu na kurudi, zaidi ya kilomita 100, mizigo ikiwa nyuma. Hawa wote wana shida moja: makalio yanawaka moto, miguu inakufa ganzi, na usiku mgongo haulali.

Wasemao kwamba maneno haya ni ulegevu hawajakaa hapo. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti.

Sasa, kwa nini kiti kinaumiza? Wengi hudhani ni kwa sababu kiti ni kigumu. Basi huenda kwa fundi na kumwambia, "Niongezee sponji laini." Fundi huongeza, hushona kava jipya la rangi nyingi, na mteja hufurahi. Kwa dakika kumi anaona amekaa kitandani. Baada ya nusu saa sponji ile imelala chini kabisa, na mtu amekaa juu ya bati lililo chini yake kama zamani, fedha zikiwa zimekwisha kwenda.

Mimi kazi yangu ni njia ya reli, na katika reli jambo hili liko wazi. Gari moshi zito halipiti vizuri kwa sababu ardhi ni laini. Lapita vizuri kwa sababu uzito wa magurudumu unapokewa na chuma, chuma kinaugawa kwa mataruma, mataruma yanaugawa kwa kokoto, na kokoto zinaugawa kwa ardhi. Uzito ukigawanywa, hakuna mahali panapoumia. Tandika reli iliyofika Thika mwaka 1913 juu ya matope bila mataruma, uone kama hata kiberenge kitafika Juja. Mwili wa binadamu ni vivyo hivyo. Tunapokaa, uzito wetu hutua juu ya mifupa miwili iliyo chini ya makalio. Kiti kizuri huutoa uzito juu ya mifupa hiyo miwili na kuueneza kwenye makalio yote na sehemu ya mapaja. Kiti kibaya huuacha palepale, nyama inabanwa, damu haipiti vema, na ganzi inaingia.

Wazee wetu waliopanda baiskeli nyeusi za Kiingereza walilijua hili bila kufundishwa. Kiti cha ngozi cha baiskeli zile kilikuwa kigumu kama ubao siku ya kwanza, lakini ngozi ilikuwa imetandazwa juu ya fremu bila kitu chini yake, na kadiri mtu alivyokikalia kiliingia umbo lake. Pikipiki za zamani pia zilikuwa na kiti cha mtu mmoja chenye springi zake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kikaenea kiti kirefu cha watu wawili, nazo springi zikapelekwa kwenye gurudumu la nyuma. Kiti kirefu kina faida yake, maana kinachukua abiria. Lakini kiwanda hutengeneza kiti kimoja kwa mtu mrefu na mfupi, mnene na mwembamba, na hicho ndicho tunachopewa sote.

Haya basi, twaweza kufanya nini? Nayaandika kwa utaratibu ili kila mtu ajaribu.

1. Sponji. Taka sponji nzito, ile ambayo wauza magodoro huiita hai densiti, iwe ndiyo sehemu kubwa ya kiti. Juu yake weka laini kidogo tu, tabaka jembamba. Ukitaka kujua kama sponji inafaa, iweke juu ya meza uikandamize kwa goti kwa nguvu zako zote. Goti likigusa meza, sponji hiyo si ya safari.

2. Umbo. Mahali pa kukaa pawe papana na tambarare, pasiteremke mbele. Kiti kinachoteremka hukusukuma kwenye tangi, nawe unajizuia kwa mikono kutwa nzima, mpaka viganja na mabega yaume. Mbele, kati ya mapaja, pawe pembamba ili miguu ifike chini ukisimama. Mtu mrefu aweza kuinuliwa kiti, na magoti yake yatapumua. Mtu mfupi asikubali kuinuliwa, maana asipofikisha miguu chini ataanguka na abiria wake. Nimemwona fundi mmoja wa Ruiru ambaye hashoni kwanza. Humkalisha mteja juu ya pikipiki, huweka alama ya chaki pale mifupa inapotua, ndipo achukue kisu. Huyo ni fundi wa kweli.

3. Kava. Mishono isipite pale unapokalia, kwa sababu huchubua ngozi, tena hupitisha maji ya mvua, na sponji iliyonywa maji huoza. Plastiki inayong'aa huteleza na hupata moto juani. Aliye na ngozi ya kondoo yenye manyoya aifunge juu ya kiti kwa kamba imara. Hospitali za nchi nyingine hulaza wagonjwa juu ya ngozi kama hizo ili wasipate vidonda vya kulala, kwa kuwa manyoya hugawa uzito na kupitisha hewa. Lakini ikilowa sharti ikaushwe, na isiachwe ikiteleza huku na huku.

4. Springi na upepo. Springi za nyuma za pikipiki nyingi zina pete ya kuzungusha ili ziwe ngumu au laini. Aliyeikaza kwa ajili ya mizigo ailegeze akiwa peke yake. Upepo wa tairi uwe kama kiwanda kilivyoandika. Tairi lililojazwa kupita kiasi hukupigia kila jiwe mgongoni. Lakini usipunguze chini ya kipimo ukitafuta ulaini, maana tairi litaharibika na pikipiki itayumba.

5. Mwili wenyewe. Hata kiti cha mfalme kitaumiza asiyeshuka. Kila saa moja simama mahali salama, shuka, tembea dakika tano. Ukifika kwenye tuta au shimo, punguza mwendo, kanyaga vile vyuma vya miguu na uinuke kidogo, magoti yapokee kishindo badala ya uti wa mgongo. Na usikalie pochi, simu wala funguo katika mfuko wa nyuma, maana hukalisha mwili upande.

Haya yote twaweza kuyafanya wenyewe. Lakini hapa ndipo nataka wenzangu wanisikilize vizuri. Kufanya wenyewe si kusema kwamba gharama zote ni zetu.

Kuna waajiri ambao humpa kijana pikipiki asubuhi, orodha ya maduka arobaini, na saa ya kurudi. Akisema kiti kimekwisha, huambiwa anunue mto. Nauliza: je, dereva wa gari moshi huambiwa aje na kiti chake kutoka nyumbani? Karani je, hubeba kiti cha ofisi kichwani kila asubuhi? Basi mbona kiti cha mpanda pikipiki kiwe shauri lake mwenyewe, na ndicho anachokalia kutwa nzima?

Wala tusidhani kwamba twaomba hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi kulinda usalama na afya ya watu wake, na kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi sharti pawe na kamati ya usalama na afya. Katika kamati hiyo wamo wajumbe wa wafanya kazi. Nchi za Jumuiya ya Ulaya nazo zilitoa sheria ya mtikisiko mwaka 2002. Yamtaka mwajiri kupima jinsi mashine zinavyomtikisa mtu na kupunguza mtikisiko huo, na viti vizuri vimetajwa ndani yake kama njia moja ya kuupunguza. Mgongo wa Mzungu na mgongo wa mtu wa Makongeni umeumbwa kwa mifupa ileile.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza litasema, "Tumezoea." Ndugu, ganzi si mazoea. Mtu asiyesikia mguu wake hajauzoesha, ameupoteza kwa muda, na mguu huo ndio wa breki. La pili litasema kwamba mtu akikaa vizuri atalala njiani. Lakini kiti ninachokitaka si kitanda. Ni kiti imara kinachombeba mtu sawasawa. Kinacholeta usingizi ni uchovu, na maumivu huchosha kuliko kazi yenyewe. Anayejigeuzageuza juu ya kiti kutafuta upande usiouma, macho yake hayako barabarani. La tatu litasema kwamba boda boda hawana mwajiri, kwa hiyo hawatuhusu. Hao ndio ndugu zetu na watoto wetu, na ndio wanaotufikisha kazini. Tena mwenye pikipiki anayepokea fedha kila jioni hununua tairi na mnyororo vikiisha. Kiti nacho huisha. Kihesabiwe pamoja na hivyo.

Kwa hiyo napendekeza kwa matawi yetu ya Thika na Ruiru mambo haya manne:

Moja, kila mjumbe wetu aliye katika kamati ya usalama alete jambo la viti vya pikipiki katika mkutano ujao, na jibu la mwajiri liandikwe.

Mbili, katika mapatano mapya na waajiri iandikwe kwamba pikipiki ya kazi itapewa kiti kinachomfaa anayeipanda, na kitatengenezwa upya kikilala, kwa gharama ya mwajiri.

Tatu, mapumziko ya dakika tano kila saa yahesabiwe kuwa saa za kazi kwa wapeleka mizigo, wala orodha ya safari isipangwe kana kwamba mtu ni chuma.

Nne, wenye pikipiki zao waungane kununua sponji nzito kwa shuka zima na kupatana na fundi mmoja hodari kwa bei moja. Mtu mmoja akinunua kipande hulipa bei ya kipande. Watu ishirini wakinunua pamoja, kila mmoja atalipa kidogo, na fundi atapata kazi ya uhakika.

Ndugu zangu, mali ya mfanya kazi ni mwili wake. Hana shamba kubwa wala duka. Mgongo ukiharibika akiwa na miaka thelathini na mitano, ataleta nini mezani akiwa na hamsini? Bwana aliyemtumia atakuwa amekwisha kuandika kijana mwingine na kumpa pikipiki ileile, yenye kiti kilekile. Kijana huyo aweza kuwa mtoto wako. Tukitengeneze kiti hicho sasa.

Umoja ni nguvu.

Mfanya kazi wa reli,
Ruiru.