BISKUTI MOJA TU (Safari ya Uholanzi, sehemu ya 3)

Sehemu ya kwanza niliwasimulia habari za baiskeli, ya pili mkate wa chokoleti asubuhi na chakula cha jioni saa kumi na mbili kamili kama wanafukuzwa. Mkacheka. Halafu zikaja meseji: "Nesi, ni kweli wale watu wanakukaribisha kahawa na biskuti moja, halafu wanafunga kopo?"

Ni kweli. Kopo linafunguliwa, unachukua moja, kopo linafungwa. Siku ya kwanza nilicheka kimoyomoyo, nikajua nikirudi nyumbani nina hadithi ya kusimulia.

Ila leo sikuja kuchekesha. Leo nimekuja kugombana, na ninayegombana naye ni wewe unayejiandaa kwenda "kumuona mtoto" Jumamosi hii na wenzako saba, bila hata kupiga simu.

Ngoja nianzie huko huko Utrecht.

Rafiki yangu, tuliyejuana alipokuja kufanya mazoezi ya uuguzi wodini kwetu miaka ile, ana mdogo wake. Nilipofika, huyo mdogo alikuwa amejifungua siku nne tu zilizopita. Mimi kwa akili zangu za kwetu nikasema twende leo leo, nina kitenge chake kwenye begi. Rafiki yangu akanitazama, akaenda kuchukua kadi iliyokuja kwa posta. Kadi nzuri, ina jina la mtoto, uzito na tarehe. Chini yake pameandikwa: mama na mtoto wanapumzika saa saba mchana hadi saa tisa, ukitaka kuja tafadhali piga simu kwanza.

Yaani imechapishwa kwenye kadi! Hapa kwetu ukoo ungekaa kikao.

Tukapiga simu. Tukapangiwa kesho yake saa kumi jioni. Dirishani wameweka korongo wa mbao, mtaa mzima ujue humu mna kichanga. Tukavua viatu, tukanawa mikono. Tukapewa kahawa na kile wanachokula mtoto akizaliwa: kimkate kikavu cha duara, kama tosti ngumu, kimepakwa siagi na juu yake vimemwagwa vipunje vya anisi vilivyoviringwa kwenye sukari. Wanaviita "vipanya". Vyeupe na pinki kwa mtoto wa kike, vyeupe na bluu kwa wa kiume. Wazee wao waliamini anisi inaleta maziwa. Kila mtu kimoja. Ukikiuma kinapasuka, vipanya vinatawanyika kwenye zulia, unaona haya.

Baada ya dakika kama arobaini, akaingia mama mmoja aliyekuwa akizunguka humo ndani kimyakimya, mimi nikidhani ni shangazi. Akasema kwa upole, sasa mama anapumzika. Wote tukanyanyuka. Hakuna aliyenuna, hakuna aliyesema "tunafukuzwa".

Huyo mama hakuwa shangazi. Ni mtumishi aliyesomea kazi hiyo. Huduma yenyewe wanaiita kraamzorg: ukishajifungua, mtu anakuja nyumbani kwako, kwa kawaida siku 8, saa zinapangwa kulingana na hali yako, kuanzia 24 hadi 80 kwa jumla. Bima ya lazima inalipa na familia inachangia kiasi. Anapima joto la mama na la mtoto, anaangalia damu, mshono na kitovu, anasaidia mtoto akamate titi, anaandika kila kitu kwenye daftari ambalo mkunga akipita analisoma. Halafu anafua, anasafisha choo, anamshughulikia mtoto mkubwa, anawapa wageni chai. Na anawaondoa.

Kitu kilichonigusa kuliko vyote ni kitanda. Kitanda cha mzazi kimenyanyuliwa juu ya vipande vya mbao, kikawa kirefu kama cha hospitali, ili huyo mhudumu asivunjike mgongo akiinama. Nilikiangalia kile kitanda nikataka kulia, kwa sababu mgongo wangu ninaujua mwenyewe.

Kesho yake tukawapeleka watoto wa rafiki yangu kwenye makumbusho ya Nijntje, yule sungura mweupe mnayemuona kwenye nguo za watoto. Aliyemchora, Dick Bruna, alikuwa mtu wa Utrecht, na sungura wake alianza mwaka 1955. Mjini kuna hadi taa za barabarani zenye umbo lake. Watoto walifurahi, na mimi nilifurahi kuliko wao. Tukapita dukani nikanunua vya kununua: sumaku za friji, kijiko chenye kinu cha upepo, kiatu cha mbao cha kufungulia soda. Picha nikiwa ndani ya kiatu kikubwa cha mbao ninayo, nimeshaiweka humu, mmeipenda watu wengi sana.

Usiku, nikipanga begi, nikajiuliza: hivi ninabeba nini? Sumaku?

Sasa turudi nyumbani.

Mimi mwenyewe, nesi mwenye diploma, ninayewaelekeza wenzangu kila siku wodini, nilipojifungua mwanangu wa kwanza niliwapikia wageni siku ya tano. Nilikuwa nimeshonwa. Walikuja watu wa kazini kwa mume wangu, kumi na mmoja, na zawadi nzuri, sikatai. Dada wa kazi hakuwepo. Mama alikuwa bado njiani anatoka kijijini. Nikasimama jikoni saa mbili nzima na nyuzi zangu, maana nilisikia aibu wageni waondoke na soda tupu. Mtoto alipokezanwa kama sahani ya karanga. Mmoja alikuwa na mafua. Usiku mshono ukawaka moto, maziwa yakagoma, mtoto akalia hadi alfajiri. Asubuhi simu ya kwanza: "Tuko njiani, tunakuja kumuona bebi."

Mimi nilipona. Nawaeleza ya mwingine, na nimebadilisha mambo madogomadogo asitambulike. Binti wa watu, uzazi wa kwanza. Siku ya sita baada ya kujifungua kichwa kinamuuma tangu jana yake, macho yanaona ukungu. Nyumba imejaa watu. Akisema kichwa, anaambiwa ni uchovu wa wageni, lala kidogo wakiondoka. Wageni wakaondoka saa tatu usiku. Tulimpokea usiku wa manane ameshapata degedege mara mbili, presha 180 kwa 110. Ni kifafa cha mimba, ambacho watu wengi wanadhani kinaishia leba. Hakiishii leba. Kinaweza kukupata hata wiki kadhaa baada ya kujifungua. Aliishi, namshukuru Mungu. Ila kitenge tulichomvua kilikuwa kinanuka vitunguu vya pilau. Alikuwa jikoni.

Sisemi wageni walimletea presha. Nasema wageni walimziba mdomo. Kwenye nyumba ya watu ishirini hapakuwepo hata mmoja wa kumuuliza, "Mama, wewe unajisikiaje?" Wote walimuuliza mtoto amefanana na nani.

Najua mtakachoandika. "Nesi umeenda Ulaya wiki mbili umerudi na uzungu." "Ukarimu ndio utamaduni wetu."

Haya, tuongee utamaduni. Arobaini ni ya nani? Ya Waholanzi? Bibi zetu mzazi alikaa ndani siku arobaini. Hapiki, hachoti maji, hafui. Uchagani mzazi anakula mtori na anapumzishwa hadi miezi mitatu. Sehemu nyingi mtu wa nje hakumshika mtoto kabla kitovu hakijadondoka. Walikuwa na mambo mengine siyapendi, yale ya kumkanda mama kwa maji ya moto yanayounguza na kupaka kitovu vitu vya ajabu, na nitaendelea kuyapinga. Lakini msingi waliujua: mzazi ni mtu mwenye kidonda ndani, mwacheni alale. Tena mgeni wa zamani alikuja na kuni, au na ndoo ya maji kichwani. Alikuja kufanya kazi.

Sisi tumefanya nini? Tumetupa arobaini, tumebaki na pilau. Mzazi anatolewa hospitali saa 24 baada ya kujifungua, siku ya tatu ana wageni wa ofisini, siku ya nne wa kanisani au wa madrasa, siku ya tano kikundi cha kuweka na kukopa. Usiuite huo ukarimu. Ukarimu ni wa mwenye nguvu kumkaribisha mwenye njaa. Wewe mgeni umekula nyumbani kwako, umepaka wanja, umekuja kukaa kwenye kochi uhudumiwe na mtu anayevuja damu.

"Wale wana bima na hela." Kweli kabisa, mhudumu wa siku 8 ni hela, na nchi yetu ina safari ndefu. Kupiga simu kabla hujaenda ni shilingi ngapi? Kuondoka baada ya nusu saa unalipia wapi? Kufua beseni moja la nepi kunahitaji bima?

Na sio kwamba kule ni peponi. Yule mdogo wa rafiki yangu aliniambia kinachomtisha ni siku ya tisa, mhudumu akishaondoka, mumewe akirudi kazini, yeye na mtoto na mvua dirishani. Mama yake anaishi mbali, na hata yeye huja kwa kupanga tarehe. Rafiki yangu mwenyewe nilimuona akifungua shajara kutafuta siku ya kunywa kahawa na jirani, akaipata baada ya wiki tatu. Wiki tatu, kwa jirani! Hapo sisi tumewashinda mbali. Tuna shangazi, tuna wifi, tuna mama wa nyumba ya pili. Watu tunao. Tunawatumia vibaya, tunawakalisha sebuleni.

Shemeji zangu, sogeeni. Sheria yetu ya kazi inampa mama siku 84 na baba siku 3. Kule baba ana wiki moja yenye mshahara kamili, na tangu 2020 anaweza kuongeza hadi wiki tano kwa malipo ya asilimia 70. Siku zako tatu najua hazitoshi, na hilo tuwadai wanaotunga sheria. Ila hizo tatu ulizopewa usizimalizie kununua soda na kupokea wageni mlangoni kwa bashasha. Kazi yako ni moja, kuwa mlango. Mkeo hawezi kumwambia mama yako "sio leo". Wewe unaweza. Sema, "Daktari amesema apumzike." Msingizieni nesi. Mimi nimezoea kuchukiwa.

Na wewe unayekwenda, sikia. Piga simu kwanza, na ukiambiwa wiki ijayo usinune. Una mafua, kikohozi, au malengelenge mdomoni, usiende kabisa. Busu lenye malengelenge linaweza kumuua kichanga, sitii chumvi. Nawa mikono kabla hujaomba kumshika mtoto. Peleka chakula kilichoiva kwenye chombo usichokidai jioni ile. Ukifika uliza kuna nini cha kufua. Watoto wako wawili wa chekechea waache nyumbani.

Kisha muangalie mama. Kabla hujaangalia mtoto, muangalie mama. Pedi inaloa chapachapa ndani ya saa moja? Kichwa kinauma sana, macho yanaona giza? Homa, uchafu wa ukeni unanuka, mshono unatoa usaha? Mguu mmoja umevimba na unauma? Kifua kinabana? Analia hajui kwa nini, hataki kumuona mtoto? Na mtoto je: amegoma kunyonya, anapumua mbiombio, amekuwa wa njano hadi nyayoni, wa moto sana au wa baridi? Hapo acha soda, tafuta bodaboda au bajaji, twende hospitali, usiku huohuo. Na hata kama wote ni wazima, wakumbushe kurudi kituoni kupimwa. Shirika la Afya Duniani linasema baada ya yale masaa 24 ya mwanzo aonwe walau mara tatu tena: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Wengi wanarudi siku ya chanjo ya mtoto tu, mama hapimwi hata presha.

Siku ya kuondoka, rafiki yangu alinipa boksi la vipanya, vya pinki. Sumaku zimeshagawanywa, kijiko kimepotea, kiatu cha mbao mwanangu amekivunja. Boksi lipo kabatini, limebaki nusu.

Jirani yangu wa nyumba ya nyuma amejifungua Jumanne, mtoto wa kike. Nimempigia simu mumewe leo asubuhi. Amesema Jumapili saa kumi. Nitapeleka mtori kwenye chupa ya chai na vimkate vichache vya vipanya, na beseni langu la kufulia nabeba mwenyewe.