Kuapa kuwa mimi ni mimi, mia tano

Wadau, hii ya muhuri imenichosha. Beshte yangu wa hapa Kongowea anajaza fomu ya mkopo. Chifu kasaini bure. Sasa fomu inataka muhuri wa wakili, kamishna wa viapo ama hakimu. Wakili wa kwanza: mia tano. Wa pili: mia tatu, na hata hakuinua macho. Gonga muhuri, leta pesa, anayefuata! Sasa hapo ameshuhudia nini?

Hakimu je? Panda matatu hadi Shanzu ama uvuke daraja la Nyali, halafu upange foleni na wenye kesi zao.

Australia kazi hii hufanywa na raia wa kujitolea. Wanaketi maktaba ama maduka makubwa na kimeza chao, wanashuhudia karatasi bure, na hawaruhusiwi kulipisha. Kwani sisi hatuna walimu waliostaafu? Si ndio hao barazani kila jioni. Wachunguzwe, wapewe muhuri na daftari la kuandika kila karatasi, Jumamosi wakae karibu na soko.

Mtasema wataitisha chai. Labda. Lakini leo bei inategemea sura yako, na daftari huoni.

Mawakili msinune, kesi na mikataba bado ni yenu. Tatizo ni sheria: Jaji Mkuu huteua mawakili pekee kuwa makamishna wa viapo. Kubadilisha hiyo ni kazi ya Bunge, kwa hivyo MCA muacheni apumzike. Mbunge wa Nyali, upo?