Sarafu ya Muungano: Makubaliano Yaandikwe

Himdi Anastahiki Allaah.

Ijumaa baada ya Swalah hapa Kongowe, Kibaha, ndugu mmoja wa Unguja mwenye duka aliniuliza: "Sheikh, noti ni moja, mbona viongozi wetu hawaishi kudai haki ya Zanzibar?"

Zanzibar iliingia Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1936. Muungano wa 1964 ulianza na mambo 11, sarafu haikuwamo. Iliongezwa 1965, na 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikaanza kazi. Fungu la Zanzibar katika fedha za Bodi ile, na haki yake ndani ya Benki Kuu, vimezungumzwa na Serikali mbili miaka mingi. Katiba ya Muungano, ibara ya 134, imeweka Tume ya Pamoja ya Fedha.

Kuzungumza ni kheri. Lakini Allaah Ametuamrisha, Suratul-Baqarah Aayah ya 282, kuandika deni, dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la dukani huandikwa, seuze amana ya visiwa vizima? Viongozi watusomee walichokubaliana: kiasi, tarehe na saini. Wala tusiwachukie ndugu zetu wa Bara. Riziki yao imo katika noti hiyohiyo.

Wa-Allaahu A'lam.