Kitovu cha Liyongo na Kivuli cha Magere

Si mbali na Maili Moja, Kibaha, katika njia kuu iendayo Morogoro, lipo Shirika la Elimu lililoanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, likakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Mahali walipokutana watu wa kaskazini ya Ulaya na watu wa Pwani ni mahali pafaapo kuulizia swali hili: kwa nini mashujaa wa ngano za mataifa yasiyojuana hufanana hata katika namna ya kufa?

Fumo Liyongo, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, hauawi kwa mkuki wala mshale, ila kwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Balder wa ngano za Skandinavia hadhuriki na kitu chochote, ila mmea mmoja dhaifu uotao juu ya miti mingine. Siegfried wa Wajerumani alioga damu ya joka, ngozi yake ikawa ngumu, isipokuwa pale mgongoni palipoangukiwa na jani. Na Luanda Magere wa Wajaluo, mwenye mwili kama jiwe, anakufa mkuki unapokichoma kivuli chake.

Wako wasemao kwamba kufanana huku ni ushahidi wa kuazimana. Jambo hilo lawezekana, kwani majahazi hayakubeba pembe na nguo pekee. Lakini adaiye hivyo yampasa aonyeshe njia. Hadithi iliyoazimwa kwa kawaida hubeba vijambo vidogo visivyo vya lazima. Na hapa vijambo hivyo, yaani sindano, mmea, jani na kivuli, havifanani hata kidogo. Kinachofanana ni kiunzi tu, nacho chaweza kubuniwa mara nyingi, kwa kuwa shujaa asiyeshindika kabisa hana kisa cha kusimuliwa.

Wengine huenda upande wa pili. Lord Raglan wa Uingereza alitoa mwaka 1936 orodha ya mambo 22 yajirudiayo katika maisha ya mashujaa. Na mwaka 1949 Joseph Campbell wa Marekani akadai kwamba safari zao zote, kimsingi, ni safari moja. Kazi hizo zimeamsha fikra, lakini kipimo chao ni kipana mno. Mwaka 1965 mwanazuoni wa Marekani, Francis Lee Utley, alionyesha kwa kejeli ya kitaalamu kwamba hata Rais Abraham Lincoln aweza kutimizishwa mambo yote 22. Mizani ionyeshayo uzito uleule kwa kila kitu haifai sokoni, sembuse katika sayansi.

Maoni yaliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba kiunzi ni cha wanadamu wote, bali tundu la ngao ni la kila jamii. Atakaye kujua jamii iliogopa nini, na autazame mkono uliomwangusha shujaa wake. Liyongo anauawa na mwanawe, aliyehadaiwa na mtawala wa Pate kwa ahadi ya cheo na ndoa. Hiyo ni hofu ya miji iliyogombania urithi wa kiti. Magere anasalitiwa na mke aliyetoka kwa maadui, aliyeletwa kana kwamba ni amani. Hiyo ni hofu ya watu waoanao na majirani wapiganao nao. Balder anakufa kwa sababu mmea ule ulidharauliwa, haukulishwa kiapo. Hiyo ni hofu ya watu walioishi kwa viapo.

Hapo ndipo Uzaramo unapokuwa na neno la kusema. Masimulizi ya Wazaramo humtaja Pazi, aliyeombwa na Washomvi wa pwani awasaidie kuwafukuza Wakamba, akashinda, na watu wa pwani wakapaswa kumlipa ada. Kiini chake si tundu la mwilini, bali ni deni: nani alimwokoa nani, na kwa malipo gani. Masimulizi hayo hayaingii vema katika orodha ya Raglan, na hiyo ndiyo thamani yake.

Mwanafunzi wa Kibaha au Kisarawe akifundishwa kiunzi kabla ya masimulizi, atamwendea mzee na maswali 22, atasikia alichotaka kusikia, na mengine atayatupa. Hapana budi masimulizi yaandikwe kwa maneno ya msimulizi mwenyewe, pamoja na kijiji na mwaka, bila kusawazisha pale ambapo wasimulizi wawili hawapatani. Wako wasemao kwamba muuaji wa Liyongo alikuwa mpwa, si mwana. Katika jamii inayobishania urithi, tofauti hiyo si ndogo.

Kufanana kwa mashujaa kwaweza kungoja, maana kumo vitabuni duniani kote. Tofauti zao ambazo hazijaandikwa zimo vichwani mwa wazee tu, nazo huzikwa pamoja nao.