Original ya Nani?

Kuna watu wakiona TB-303 ya Roland imeguswa na chuma cha kulehemu, wanalia kama kaburi limefukuliwa. Eti iachwe ilivyotoka kiwandani.

Jameni, hiyo mashine ilitoka Japani 1981 imsindikize mpiga gita asiye na mtu wa besi. Ikabuma. Ilipofika 1984 kiwanda kikaachana nayo, zikauzwa bei ya kutupa. Ndipo Phuture, vijana wa Chicago, wakaizungusha vitufe mpaka ikapiga mayowe. 1987 wakatoa "Acid Tracks". Heshima yote mnayoilinda ililetwa na watu waliokataa maagizo.

Sasa angalia saketi ya ampu, inayoamua sauti inapanda na kushuka vipi. Pale muda wa sauti kufifia ulifungwa kiwandani. Kitufe kilichoandikwa Decay kinagusa filta tu. Robin Whittle wa Australia, kwa marekebisho yake ya Devil Fish, akamkabidhi mpigaji muda huo: noti ikatike kama kofi, ama ijivute. Huo ndio uharibifu?

Sawa, kukata ubao ovyo ni ujinga. Chora ulichobadilisha, hifadhi vipuri vya zamani. Lakini wewe uliyeifungia kabatini ukingoja bei ipande, usituambie unalinda muziki.