Kompyuta ya Michezo Inapoganda: Tupime Kabla ya Kununua

Wapo wazazi waliojinyima ili kijana wao apate kompyuta yenye nguvu, ya masomo na ya michezo pia. Miezi michache baadaye huletewa malalamiko: mchezo unakwenda vizuri, ghafla unaganda kitambo kidogo, kisha unaendelea. Malalamiko hayo hufuatwa na ombi la kadi mpya ya picha, ambayo bei yake yaweza kulingana na ada ya muhula. Ushauri wetu ni kwamba tatizo lipimwe kwanza, kwani kifaa kipya kikiwekwa pasipo na kasoro, fedha hupotea na kasoro hubaki.

Tuanze na namna mashine inavyofanya kazi. Skrini ya herzi 60 hubadili picha mara 60 kwa sekunde, hivyo kila picha huwa na takriban milisekunde 17 za kutayarishwa. Skrini ya herzi 144 huacha milisekunde 7 tu. Prosesa hupanga tukio, kadi ya picha hulichora. Ni kama jikoni, mmoja anasukuma chapati na mwingine anachoma. Msukumaji akichelewa, mchomaji hodari hukaa bure, na kumwongezea kikaango cha pili hakutaharakisha chakula.

Kipimo cha kwanza hakigharimu kitu. Kijana apunguze resolusheni ya mchezo, kisha arudie sehemu ile ile. Picha kwa sekunde zikiongezeka sana, kadi ya picha ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Zisipobadilika, mara nyingi tatizo liko upande wa prosesa au kumbukumbu ya RAM. Aidha, asidanganywe na asilimia ya jumla ya prosesa. Prosesa yenye njia 16 za kazi yaweza kuonesha asilimia 6 tu ilhali njia moja, ile ambayo mchezo unaitegemea, imejaa kabisa.

Tutofautishe pia uzito na kuganda. Mchezo unaweza kuwa na wastani wa picha 100 kwa sekunde, na bado picha moja iliyochukua milisekunde 100 ikaonekana kama mshtuko. Wastani huificha picha hiyo. Kwa hiyo tuangalie muda wa kila picha, na tuulize mchezo unaganda lini.

Ukiganda mara ya kwanza tu unapofika mahali papya, huenda mashine inaandaa sheda, yaani programu ndogo za kuchorea. Hali hiyo hupungua baadaye, ingawa yaweza kurudi kwa muda baada ya kusasisha dereva wa kadi. Ukianza kuganda baada ya nusu saa, tushuku joto: vumbi kwenye feni, au kompyuta iliyosukumwa ukutani. Prosesa inayokaribia nyuzi 95 au 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Ukiganda unapowekwa ubora wa juu kabisa wa picha, huenda kumbukumbu ya kadi imejaa, na kupunguza ubora huo kunaweza kutosha.

Yapo pia makosa ya uungaji ambayo hata mashine ya gharama kubwa huwa nayo. Waya wa skrini huchomekwa kwenye ubao mama badala ya kadi ya picha. RAM huwekwa kipande kimoja badala ya viwili. RAM ya DDR5 iliyouzwa kwa kasi ya 6000 mara nyingi huanza kwa 4800 mpaka mpangilio wake uwashwe kwenye BIOS. Skrini ya herzi 144 huachwa kwenye 60. Isipokuwa kipande cha pili cha RAM kama hakipo, haya hurekebishwa bila kununua kitu.

Mwisho, pabadilishwe jambo moja tu kwa wakati, na matokeo yaandikwe daftarini. Mzazi asiyejua kompyuta anaweza kuliomba daftari hilo na kuuliza: umejaribu nini, na kilibadilika nini? Kijana akiwa na majibu, na vipimo vikaonesha kwamba kadi imeelemewa kweli, ombi lake litakuwa na hoja, na familia itaamua kulingana na uwezo wake. Mwenda pole hajikwai.